Ukiumizwa na chanjo huku Marekani: fidia ipo, lakini saa inakimbia

Kila mwaka kuanzia mwezi wa tisa, wengi wetu tunaofanya kazi katika hospitali na nyumba za wazee hapa Minneapolis na Saint Paul tunapanga foleni ya chanjo ya flu kazini. Wanaoanza masomo ya uuguzi wanadaiwa chanjo ya homa ya ini aina B na ya pepopunda. Wanaotafuta green card wanapelekwa kwa daktari wa uhamiaji, na hutoka pale na sindano tatu au nne kwa siku moja. Watoto nao hawaingii shule bila kadi. Ukihesabu vizuri, sisi ni watu wa kuchanjwa sana.

Karibu wote hatupati zaidi ya maumivu ya siku mbili na homa kidogo. Lakini wapo wachache wanaoumia kweli, na makala hii ni kwa ajili yao. Serikali ya Marekani inao mfuko maalum wa kuwalipa. Wengi wetu hatuujui, na wanaosikia habari zake mara nyingi huzisikia wakati muda wa kudai umeshapita. Niseme mapema kwamba mimi ni muuguzi, si mwanasheria. Na asije mtu akasema muuguzi ameandika kuwa chanjo ni mbaya. Nachanja watu na mimi mwenyewe nachanjwa.

MFUKO HUU ULITOKA WAPI?

Miaka ya 1980 wazazi wengi Marekani waliyashtaki makampuni yanayotengeneza chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Kesi zikawa nyingi, makampuni mengine yakaamua kuacha biashara hiyo, bei ikapanda na watu wakaogopa kwamba chanjo zitakosekana kabisa. Mwaka 1986 bunge la Marekani likapitisha sheria, Rais Reagan akaitia sahihi, na mpango ukaanza kazi tarehe 1 Oktoba 1988. Kwa kifupi unaitwa VICP. Makubaliano yake ni haya: makampuni yanapata kinga dhidi ya kesi nyingi, na mtu aliyeumia analipwa kutoka mfuko wa serikali bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu alifanya uzembe.

Pesa za mfuko huo zinatokana na kodi ya chanjo zenyewe. Kila dozi inalipiwa senti 75 kwa kila ugonjwa inaoukinga. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inakinga magonjwa matatu, kwa hiyo kodi yake ni dola 2 na senti 25.

Nimelieleza hili kwa makusudi. Kuna watu wetu wanaoona aibu kudai kwa sababu aliyewadunga ni mfanyakazi mwenzao, au ni mama wa kanisani, au ni kliniki iliyowasaidia walipofika. Ondoa wasiwasi. Katika mpango huu humshtaki muuguzi wala kliniki. Anayejibu madai ni Waziri wa Afya wa Marekani, na anayelipa ni ule mfuko. Kwa kweli, kwa chanjo zilizo ndani ya mpango, sheria inakutaka uanzie hapo kabla hujafikiria kumshtaki mtengenezaji au aliyekudunga.

Je, ni wangapi hulipwa? Hesabu ya serikali ni kwamba kwa kila dozi milioni moja zilizosambazwa, takribani mtu mmoja hulipwa. Ukiwa wewe ndiye huyo mmoja, hata hivyo, hesabu hiyo haikulipii kodi ya nyumba.

NANI ANAWEZA KUDAI?

Si lazima uwe raia wa Marekani. Huulizwi umri. Mzazi anaweza kudai kwa niaba ya mtoto, na familia kwa niaba ya marehemu. Tangu sheria ya mwaka 2016, hata mtoto aliyekuwa tumboni mama alipochanjwa anaweza kudaiwa fidia.

Kinachoangaliwa kwanza ni mahali ulipochanjwa. Kama ulichanjwa hapa Marekani, mlango uko wazi, na hiyo ni pamoja na zile sindano za green card. Kama ulichanjwa Nyarugusu, Kakuma au Nairobi kabla ya kupanda ndege, mambo ni magumu. Kwa mtu wa kawaida aliyechanjwa nje, sheria inataka chanjo iwe ya mtengenezaji aliyeko Marekani, na mtu awe "amerudi" Marekani ndani ya miezi 6. Hilo neno kurudi ni kikwazo kwa anayeingia nchini kwa mara ya kwanza. Muulize wakili kabla hujajipa matumaini.

Pili, madhara lazima yawe yamedumu zaidi ya miezi 6 tangu uchanjwe, au yawe yamekulaza hospitali na ukafanyiwa upasuaji, au yawe yamesababisha kifo. Mkono uliovimba wiki mbili ukapona haulipwi.

SAA INAANZA LINI?

Hapa naomba usome polepole. Una miaka 3 ya kufungua madai, ikihesabiwa kuanzia siku ya dalili ya kwanza. Haihesabiwi kuanzia siku daktari alipokupa jina la ugonjwa, wala siku ulipoambiwa kwamba huenda ni chanjo. Kama mtu amefariki, ni miaka 2 tangu kifo, na isizidi miaka 4 tangu dalili ya kwanza ya madhara yaliyomuua.

Kuna kesi moja inayonifanya nilirudie jambo hili kila ninapopata nafasi. Daktari mmoja Mmarekani alichanjwa chanjo ya homa ya ini aina B mara tatu, mwaka 1996 na 1997. Mwaka 1997 akaanza kuhisi kama umeme unampita mwilini. Ugonjwa wake wa mishipa ya fahamu ulithibitishwa miaka kadhaa baadaye, na madai akayafungua mwaka 2005. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikasema amechelewa, kwa kuwa saa ilianza na ile dalili ya 1997, hata kama wakati huo hakuna daktari ambaye angejua maana yake. Kama daktari mzima alikwama hapo, sisi je, ambao tukiumwa tunasema "ni uchovu, nitapumzika Jumapili"?

Kwa mtoto pia saa haisubiri atimize miaka 18. Inamkimbia tangu dalili ya kwanza kama mtu mzima.

BEGA AMBALO HALIPONI

Madai mengi ya miaka ya karibuni ni ya watu wazima walioumia bega, si ya watoto wachanga. Kwa kazi tunazofanya, hili linatuhusu sana.

Sindano ya chanjo inatakiwa kuingia katika msuli mnene wa juu ya mkono, kiasi cha vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Ikidungwa juu mno, dawa inaweza kuingia kwenye kifuko cha maji kinacholainisha bega au kwenye kiungo chenyewe, na mwili ukawasha moto pale. Maumivu huanza haraka. Mtu hawezi kuinua mkono kuchana nywele, hawezi kufunga sidiria, hawezi kulalia upande ule. Fikiria sasa mtu huyo ndiye anayewageuza wazee kitandani zamu nzima. Wengine bega huganda, wengine huishia kwenye upasuaji.

Tangu Machi 2017 jeraha hili limo katika jedwali la VICP. Jedwali ni orodha ya chanjo, madhara yanayotambuliwa na muda ambao dalili zinatakiwa kuanza. Ukiingia ndani ya jedwali, inachukuliwa kwamba chanjo ndiyo iliyokuumiza, na ni serikali itakayotakiwa kuonyesha sababu nyingine. Kwa bega, maumivu yawe yameanza ndani ya saa 48, yawe katika bega lile lile lililodungwa, na usiwe na historia ya maumivu pale kabla ya chanjo.

Saa 48! Na sisi tunafanya nini? Tunapaka Robb, tunakanda kwa maji ya moto, tunameza vidonge, na baada ya miezi minne tunamwona daktari na kumwambia "bega linauma". Anaandika "maumivu ya bega, mgonjwa anafanya kazi nzito." Neno chanjo halimo. Basi umeshawapa upande wa serikali sababu nyingine kwa mkono wako mwenyewe. Ukienda kliniki sema hivi: "Nilichanjwa tarehe fulani, mkono huu, maumivu yalianza usiku ule ule, na hayajaisha." Halafu soma walichoandika kwenye akaunti yako ya mgonjwa. Na kama kadi inasema mkono wa kulia nawe ulidungwa wa kushoto, omba wasahihishe mapema. Kosa hilo linatokea sana.

Kinga yake ni rahisi. Kaa kwenye kiti, na anayekudunga naye akae. Toa mkono wote kwenye nguo, usivute shingo ya blauzi upande mmoja, maana hapo ndipo sindano inapoingia juu mno. Dada zangu mnaojisitiri, ombeni chumba chenye pazia au muuguzi wa kike. Hakuna wa kukasirika.

MIGUU ILIYOLEGEA, NA WATOTO

Jambo la pili kwa watu wazima ni ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili inashambulia mishipa ya fahamu. Unaanza kwa ganzi na udhaifu miguuni, halafu unapanda. Kwa chanjo ya flu, jedwali linautambua ukianza kati ya siku ya 3 na ya 42. Ni nadra sana, na flu yenyewe pia huweza kuuleta. Lakini miguu ikilegea usingoje miadi ya Alhamisi, nenda chumba cha dharura usiku huo huo, kwa sababu ukifika kifuani unazuia pumzi. Fidia itazungumzwa baadaye.

Kwa watoto, jedwali linataja mzio mkali wa ghafla ndani ya saa 4, ndiyo maana tunawaomba mkae kliniki dakika 15 baada ya sindano, nanyi mnakimbilia gari. Linataja pia utumbo kujikunja na kuingiana ndani ya siku 21 baada ya chanjo ya rota, na aina fulani ya kuumia ubongo: ndani ya saa 72 baada ya chanjo yenye kifaduro, au kati ya siku ya 5 na ya 15 baada ya ile ya surua. Madhara yasiyomo kwenye jedwali yanaweza kudaiwa pia, ila hapo ni juu yako kuthibitisha kwa wataalamu.

Na autism? Najua mnangoja hilo, hasa sisi tunaoishi jirani na ndugu zetu Wasomali. Zaidi ya familia 5,000 zilifungua madai ya autism katika mahakama hiyo. Kesi za mfano zikasikilizwa kwa kina, na maamuzi ya mwaka 2009 na 2010 yakasema ushahidi hauonyeshi kuwa chanjo ndiyo chanzo. Yule daktari Mwingereza Andrew Wakefield, aliyeuanzisha uvumi huo mwaka 1998, andiko lake lilifutwa na jarida lililolichapisha mwaka 2010, naye akafutiwa leseni Uingereza mwaka huo huo. Baada ya hapo alikuja hapa Minneapolis kukutana na wazazi Wasomali. Mwaka 2017 surua ikawapata watu 75 Minnesota, wengi wao watoto wa Kisomali ambao hawakuchanjwa, na mwaka 2024 ikarudi tena. Nawahurumia sana wazazi wa watoto wenye autism, ndiyo maana sipendi watu wanaowauzia matumaini ya uongo.

CHANJO ZISIZOMO

Mpango huu ni wa chanjo zinazopendekezwa kwa kawaida kwa watoto au wajawazito, hata kama aliyechanjwa ni mzee wa miaka 70. Za safari hazimo zote. Homa ya manjano, ambayo Uganda na Kongo wanakudai cheti chake, haimo. Taifodi haimo, wala kichaa cha mbwa. Chanjo ya mkanda wa jeshi wanayopewa wazee wetu haimo pia. Ukiumia kwa hizo, njia iliyobaki ni mahakama za kawaida, nayo ni ndefu na ya gharama. Kwa hiyo kabla ya chanjo ya homa ya manjano mwambie muuguzi kila kitu: umri wako kama umepita 60, dawa unazomeza, kama una mimba, kama kinga yako ni dhaifu.

Chanjo za korona ziko katika mpango mwingine, CICP, uliotokana na sheria ya mwaka 2005. Nasema wazi kwamba huo ni dhaifu. Muda wa kudai ni mwaka 1 tu tangu siku ya sindano. Hakuna hakimu, wakili wako halipwi na mpango, na maumivu hayalipwi, isipokuwa matibabu na mshahara uliopotea ambao bima haikulipa, pamoja na malipo kwa familia za waliofariki. Madai zaidi ya 13,000 ya korona yamepelekwa huko na waliolipwa ni makumi tu.

Nyumbani je? Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa fidia kwa chanjo za korona zilizopelekwa kupitia COVAX katika nchi 92, Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zikiwemo. Sijakutana na ndugu hata mmoja huko aliyekuwa na habari nao.

WAKILI HALIPWI NA WEWE

Hofu kubwa ya watu wetu ni pesa za wakili. Sikiliza vizuri. Katika VICP wakili haruhusiwi kukukata asilimia ya fidia yako, wala kukutoza ada yake. Mahakama ndiyo inayomlipa, na inaweza kumlipa hata ukishindwa, mradi madai yalikuwa ya nia njema na yenye msingi. Akikwambia "nitachukua theluthi", simama uondoke. Awe na kibali cha Mahakama ya Madai ya Shirikisho iliyoko Washington. Ofisi yake inaweza kuwa jimbo lolote, na mara nyingi huhitaji kusafiri. Orodha ya mawakili iko kwenye tovuti ya mahakama hiyo.

Ukishinda, unalipwa matibabu ambayo bima haikulipa na yatakayokuja, mshahara uliopotea, na hadi dola 250,000 kwa maumivu na mateso. Kifo ni dola 250,000. Viwango hivyo ni vile vile vya 1986, na kwa maoni yangu ni aibu kwa bunge. Tarajia miaka 2 au 3, pengine zaidi. Sehemu kubwa ya malipo hutokana na mapatano, bila serikali kukiri kwamba chanjo ndiyo ilisababisha. Uamuzi huwekwa hadharani, ingawa jina la mtoto huandikwa kwa herufi za mwanzo tu. Kama una kesi ya uhamiaji, mweleze na wakili wako wa uhamiaji. Na kama sindano ilitakiwa na mwajiri, mtajie wakili hilo, kwa sababu pengine kuna fidia ya wafanyakazi pia.

KUSANYA MAKARATASI LEO

Muuguzi anatakiwa kisheria kuandika tarehe, kampuni iliyotengeneza chanjo, namba ya toleo na jina lake. Pata nakala kutoka kliniki, duka la dawa, au kwa daktari wa kazini. Chanjo nyingi za hapa jimboni zinapatikana katika daftari la Idara ya Afya ya Minnesota linaloitwa MIIC. Omba pia rekodi za daktari za kabla ya chanjo, maana ndizo zitakazoonyesha kwamba ulikuwa mzima. Hospitalini dai mkalimani, ni haki yako na ni bure. Usimtumie mtoto wako wa miaka 12 kutafsiri habari za bega lako.

Jambo moja linalowaponza wengi: ripoti ya VAERS si madai. VAERS ni mfumo wa kukusanya taarifa za usalama wa chanjo. Ni vizuri kuripoti, lakini hakuna atakayekupigia simu kukulipa, na ile saa ya miaka 3 inaendelea kukimbia. Vivyo hivyo kumlalamikia meneja wa kliniki.

Mwaka 2025 Waziri wa Afya Robert F. Kennedy Jr. alitangaza kuwa anataka kuubadilisha mpango huu, kwa hiyo angalia jedwali la siku unayofungua madai, lisiwe la rafiki yako wa miaka mitano iliyopita. Liko kwenye tovuti ya HRSA, ofisi inayousimamia mpango, na simu yao ya bure ni 1-800-338-2382. Kabla ya kupiga, andika kwenye karatasi tarehe ya sindano na tarehe ya dalili ya kwanza.